Chuo cha macho kiko Moshi, mtihani wake uko Ujiji

Vijana wa Kasingirima, hapa Ujiji mkoani Kigoma, wanaotaka kusomea optometria huuliza mtihani wa kujiunga unafanyika lini. Wengi wao wamekwisha kuufanya bila kujua.

Mwishoni mwa Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) likishatangaza matokeo ya kidato cha nne, Kasingirima haihitaji mbiu. Simu moja huzungukwa na vichwa vitano, bando huisha tovuti ikiwa bado haijafunguka, na asiye na simu janja hukimbilia steshenari kuchapishiwa ukurasa wa shule yake.

Kinachotafutwa kwanza ni divisheni. Aliyepata wani hupigiwa vigelegele, aliyepata ziro huzima simu. Mstari wa masomo, ule wenye herufi moja moja mbele ya kila somo, husomwa baadaye, na wapo wasiousoma kabisa.

Kwa kijana anayetaka kusomea optometria, taaluma ya kupima uwezo wa kuona na kuurekebisha kwa miwani, mstari huo ndio habari yote. Mwenye divisheni ya tatu aliyeanguka Fizikia amebaki nje. Mwenye divisheni ya nne aliyeambulia D za Fizikia, Kemia, Bayolojia na somo jingine bado ana pa kuanzia.

Kuelekea katikati ya mwaka, dirisha la maombi ya vyuo vya afya linapofunguliwa, swali huhamia steshenari: mtihani wa kujiunga na chuo cha macho ni lini? Jibu lake huwakata wengi maini. Mtihani huo haupo. Uliopo ni ule wa Novemba iliyopita, walioufanya hapa hapa Ujiji wakiwa na sare za shule.

> Mlango wa chuo hupimwa Novemba, kabla mtahiniwa hajajua kwamba ataomba chuo.

Dirisha lisilo na chumba cha mtihani

Kwingineko mambo ni tofauti. Mwombaji wa chuo cha optometria nchini Marekani kwa kawaida hufanya mtihani maalumu uitwao OAT. Hufanywa kwa kompyuta na una sehemu nne: bayolojia na kemia kwa pamoja, ufahamu wa kusoma, fizikia, na hesabu. Mtu huchagua tarehe yake, hujiandaa kwa miezi kadhaa, na matokeo yasipomridhisha huruhusiwa kurudia baada ya muda uliowekwa.

Tanzania imechagua njia nyingine. Maombi ya stashahada za afya husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Mwombaji huingiza namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, huchagua kozi na vyuo, hulipia kwa kontroli namba, kisha husubiri. Alama zake ndizo zinazomwombea.

Chuo kinachotajwa zaidi ni shule ya optometria iliyo katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi, ambako stashahada huchukua miaka mitatu. Kutoka Kigoma ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara. Sifa ya msingi ni ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, ya dini yakiwekwa kando, na ndani yake ziwemo Fizikia, Kemia na Bayolojia. Hisabati na Kiingereza navyo hutazamwa. Kwa kuwa masharti huweza kubadilika, mwongozo wa udahili wa mwaka husika ndio wa kufuatwa, si maneno ya aliyeomba miaka mitatu iliyopita.

Anayetaka shahada moja kwa moja hupita kidato cha sita, kwa kawaida kwa tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Bayolojia). Jirani zetu nao wana milango: Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala na kile cha Masinde Muliro mjini Kakamega vinafundisha optometria kwa ngazi ya shahada.

Kazi yenyewe ni ipi

Mitaani kila anayeshika tochi na kutazama jicho huitwa daktari wa macho. Sheria imeweka mipaka. Tangu mwaka 2007 Tanzania ina Sheria ya Optometria, yenye baraza linalosajili na kusimamia wenye taaluma hiyo.

Mtaalamu wa optometria hafanyi upasuaji wa mtoto wa jicho. Hupima, huandika miwani, humsaidia mwenye uoni hafifu, na hutambua dalili za magonjwa kama presha ya macho ili mgonjwa apelekwe kwa daktari bingwa mapema. Kwa ufupi, ndiye mtu wa kwanza ambaye wengi wetu tungepaswa kuonana naye.

Haja si ndogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2019 ilikadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, na kwamba kwa takribani bilioni 1 kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuiwa au bado halijahudumiwa. Sehemu kubwa ya bilioni hiyo ni watu ambao umri umewapunguzia uwezo wa kuona vitu vya karibu.

Hali hiyo huanza kuonekana karibu na umri wa miaka 40, na ukanda huu wa ziwa umejaa kazi zinazotaka kuona karibu: kuchambua mchanga kwenye dagaa, kushona nguo, kuziba matundu ya nyavu, kusoma msahafu wenye maandishi madogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kutoka Bangladesh ulionyesha kuwa watu wa miaka 35 hadi 65 waliopewa miwani ya kusomea bure walipata kipato cha kati kilichoongezeka kwa takribani theluthi moja baada ya miezi minane.

Kwa watoto tatizo huvaa sura nyingine. Mwanafunzi asiyeona ubao huhamia kwa jirani na kunakili daftari lake, kisha huandikiwa kwenye ripoti kwamba hana bidii.

Jicho la kidato cha tatu

Katika muhtasari wa masomo uliotumika kwa miaka mingi, jicho la binadamu hufundishwa kidato cha tatu, tena mara mbili. Kwenye Bayolojia limo ndani ya mada ya uratibu wa mwili, pamoja na sikio, ulimi na ngozi. Kwenye Fizikia limo ndani ya mada ya mwanga na vyombo vyake, pamoja na kamera na hadubini. Hapo ndipo mwanafunzi hukutana na uoni wa karibu, uoni wa mbali, na lenzi ya kurekebisha kila mmoja.

Ukokotoaji wa darasa lile ndio ukokotoaji wa kazini. Nguvu ya lenzi huhesabiwa kwa diopta, na diopta ni moja kugawanya kwa umbali wa fokasi katika mita. Mtoto anayeona vizuri mwisho nusu mita anahitaji lenzi ya takribani hasi 2. Swali hilo lina mistari miwili tu, nalo hukaa na mtaalamu mpaka anastaafu.

Kwa hiyo aliyeuliza chuo cha macho kinapima nini, jibu limo kwenye daftari lake la kidato cha tatu. Shida ni kwamba wakati mada ile inafundishwa, hakuna aliyemwambia kwamba kuna watu wanaishi kwa kazi hiyo.

> Mada ya mwanga hufundishwa kama kikwazo cha mtihani. Kumbe ni maelezo ya kazi.

Vikwazo vinajulikana. Fizikia ina karatasi ya vitendo, na swali la mwanga kwa kawaida hutaka pini, kioo au kipande cha glasi, rula na protrakta. Katika shule yenye vifaa vichache, wanafunzi kumi husimama kuzunguka kipande kimoja cha glasi, wawili wakapanga pini na wanane wakanakili vipimo. Siku ya mtihani kila mmoja huachwa peke yake na pini zake.

Lugha nayo ina lake. Aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na mwanga, kuakisiwa na kupinda kwa miale kwa Kiingereza. Kuna anayejua kabisa kwa nini fimbo huonekana imepinda ndani ya maji ya ziwa, akakosa sentensi ya kuiandika.

Kuna pia Hisabati. Katika miaka ya karibuni ni takribani robo tu ya watahiniwa wa kidato cha nne nchini waliofaulu somo hilo. Ngazi za NECTA zinaanzia chini, D ni alama 30 na C ni 45, lakini anayelenga 30 hana akiba ya kosa hata moja.

Hoja za pande mbili

Je, chuo kiwe na mtihani wake? Hoja zipo pande zote, na hakuna upande wa kubezwa.

Wanaotaka mtihani au usaili wanasema cheti cha kidato cha nne hupima maabara ya shule kabla ya kumpima mwanafunzi. Mtoto wa shule yenye lenzi hamsini na mtoto wa shule yenye lenzi moja hupewa swali lile lile. Wanaongeza kwamba kazi ya macho inadai subira na mkono mtulivu, mambo ambayo herufi D haisemi lolote juu yake. Na wanakumbusha kwamba kuna wanaoingia optometria kwa sababu tu walikosa utabibu au famasia, kisha wakasoma miaka mitatu wakiwa na kinyongo.

Wanaotetea utaratibu uliopo wanajibu kwa swali: mtihani huo ungefanyika wapi? Ukifanyika Moshi, kijana wa Kasingirima angelipa nauli ya kwenda na kurudi, malazi na chakula, kwa nafasi ambayo huenda asiipate. Ukigeuka kuwa usaili wa ana kwa ana, mlango wa kujuana umefunguliwa. Karatasi ya NECTA husahihishwa bila jina wala sura, na mtoto wa mvuvi huhesabiwa sawa na mtoto wa mkurugenzi.

Hoja hii ya pili ina uzito zaidi kwa mkoa ulio pembezoni. Lakini haki ya karatasi moja ina sharti lake. Ili mtihani wa kidato cha nne uwe mtihani wa haki wa kuingia chuo, lazima anayeufanya ajue kwamba ndio huo. Hivi sasa anayejua ni yule mwenye kaka aliyesoma chuo, au shangazi aliye muuguzi. Wengine hugundua wakiwa steshenari.

Ziwa hufungwa, ada haifungwi

Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa. Kwa mazalia ya dagaa na migebuka ni hatua njema. Kwa nyumba inayotegemea mwalo, ni miezi mitatu ya kuhesabu sarafu, nayo huangukia kipindi kile kile cha kuomba chuo na kutafuta ada.

Hapa ndipo mabishano ya nyumbani huanza. Tangu Julai 2022 kidato cha tano na cha sita havina ada katika shule za serikali. Baba huuliza kwa nini mtoto aliyechaguliwa kidato cha tano aache elimu isiyo na ada, akalipie stashahada Moshi. Mtoto hujibu kwamba stashahada ni miaka mitatu na taaluma mkononi, ilhali PCB ni miaka miwili, kisha chuo kikuu, na ukiteleza kidato cha sita umerudi ulipoanzia.

Kila mmoja ana hoja, na tofauti yao huamuliwa na alama. Aliyepata B na C za sayansi ana sababu ya kujaribu PCB. Aliyepata C na D hupata nafuu akienda stashahada, kwani njia ya kujiendeleza kutoka stashahada hadi shahada ipo.

Jambo moja limebadilisha hesabu. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani chache zenye uhaba wa wataalamu, na optometria ilikuwa kwenye orodha. Kila mwaka una mwongozo wake, hivyo lazima usomwe upya.

Mkopo unadai nyaraka, na kwa mkoa wa mpakani nyaraka si jambo la wiki moja. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Familia ambayo jina la baba limeandikwa kwa namna tatu tofauti, moja ya kliniki, moja ya shule na moja ya kitambulisho cha taifa (NIDA), ianze kulinyoosha mtoto akiwa kidato cha tatu.

> Jina lililoandikwa namna tatu linaweza kumchelewesha mtoto aliyefaulu kuliko swali la Fizikia.

Kusoma pasipo kukata tamaa

Tatizo la motisha kwa mtihani huu ni kwamba lengo liko mbali. Mwanafunzi wa OAT anajua anasomea nini. Wa kidato cha tatu anasoma masomo mengi kwa wakati mmoja, na mengine hajui yatamfikisha wapi.

Dawa ya kwanza ni kuiona kazi. Mkoa una Hospitali ya Rufaa ya Maweni, na ziara ya darasa moja kwenye huduma za macho, wakaona chati ya herufi na sanduku la lenzi za majaribio, ingeipa mada ya mwanga maana ambayo ubao hauwezi kuipa.

Dawa ya pili ni namna ya kusoma. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio yaliyolinganisha wanafunzi waliorudia kusoma kifungu na wale waliokisoma kisha wakajipima bila kukitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja, waliojipima waliwapita. Kukesha na daftari humpa mtu raha ya kuhisi ameelewa. Kulifunga na kuandika anachokumbuka humwonyesha ukweli.

Pepa za nyuma zina kazi hiyo, mradi zifanywe kwa saa, bila majibu pembeni. Kuna pia hazina isiyotumika: NECTA huchapisha kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali. Humo mna mifano ya majibu mazuri na mabaya, na sababu za watu kukosa. Ni bure. Diskasheni ya watu wanne ikichapisha taarifa ya Fizikia ya mwaka mmoja na kuisoma yote, itajua mtego ulipo.

Dawa ya tatu ni ratiba inayokubaliana na maisha ya hapa. Wapo wavulana wanaoingia ziwani na taa usiku wa giza, wakati dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikikomaa, vyombo hupumzika kwa siku kadhaa. Mwenye maisha hayo hawezi kufuata ratiba ya saa mbili kila usiku iliyoandikwa na mtu wa bweni. Anaweza kuweka masomo mazito, Fizikia na Hisabati, kwenye usiku wa mbalamwezi, na kipindi cha giza akabaki na maswali machache ya kujipima mchana. Mwezi ukirudi, anarudia alichosoma mwezi uliopita. Marudio ya kuachanisha siku huikaza kumbukumbu kuliko kusoma yote kwa mkupuo.

Kwa wasichana kikwazo mara nyingi ni nyumba. Dagaa huanikwa asubuhi na kuanuliwa jioni, na kati ya hapo kuna maji, jiko na wadogo. Mzazi asiye na uwezo wa kulipa tuisheni bado ana kitu cha kutoa: saa moja isiyokatizwa kila siku. Inagharimu mgawo mpya wa kazi kati ya kaka na dada, basi.

Aliyepata F

F ya Fizikia haifungi njia moja kwa moja. Mtahiniwa anaweza kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, na si lazima arudie masomo yote. Ila usajili hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka, muda mfupi baada ya matokeo, na anayechelewa hulipa faini au hukosa kabisa. Anayetumia Februari nzima kulia na Machi kutafuta wa kumlaumu amepoteza mwaka mwingine.

Lingine ni kituo. Fizikia bila maabara ni kurudia anguko lile lile, hivyo aulize mapema kama kituo anachojisajili kina vifaa na kinaruhusu wa kujitegemea kufanya mazoezi ya vitendo. Na asisahau kwamba dirisha la pili la udahili huwa linafunguliwa kwa nafasi zilizobaki. Kozi zisizojulikana sana, optometria ikiwemo, zinafaa kuangaliwa hapo.

Haya yote hayahitaji bajeti mpya. Mwalimu wa Fizikia anapoanza mada ya mwanga anaweza kutumia dakika 10 kueleza optometria ni nini, inasomewa wapi na inadai alama gani. Ofisi ya elimu ya manispaa inaweza kubandika sifa za kozi za afya kwenye mbao za matangazo za shule za sekondari kila Januari, pale pale matokeo yanapobandikwa. Steshenari zinaweza kuwa na nakala ya mwongozo mezani, kwa sababu ndiko wazazi wanakokwenda.

Tanzania ikiendelea na karatasi moja kama mlango wa vyuo vya afya, na kuna sababu nzuri ya kuendelea nayo, basi tangazo la mtihani huo litolewe kidato cha tatu, shuleni, kwa watoto wote. Mtoto wa Kasingirima aliyeko kidato hicho mwaka huu tayari yuko kwenye maandalizi ya kuingia chuo cha macho. Aambiwe.